Kupima mlango wa kizazi na kupima macho kwenye vituo vya afya Tanzania: kipi kizuri, kipi cha kuangalia

Kilicho bora kwenye huduma hii ni kipimo cha dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi anapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, yaani ile iliyomo kwenye siki, anasubiri dakika 1 kamili, kisha anamulika. Weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi ndiyo dalili ya mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani, na kituo chenye mashine hutibu kwa baridi kali au joto siku hiyohiyo. Doa likizidi robo tatu ya mlango, ni rufaa. Ukiwa hedhini subiri iishe, maana damu huficha doa. Aliyekoma hedhi asitegemee kipimo hiki: mara nyingi eneo la kuangaliwa limeshaingia ndani. Aulizie kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo.

Macho ndipo panapolegea. Chati ya E (herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali) ya mita 6 ikisomwa kwa mita 4 kwa sababu chumba ni kidogo, asiyeona vizuri anapita. Hesabu hatua. Jicho lifunikwe kwa kiganja. Vidole hupitisha mwanga. Aliyevuka miaka 40 aombe na kipimo cha kusoma karibu. Mwenye kisukari, chati peke yake haimsaidii: anahitaji kuangaliwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mara nyingi baada ya matone ya kupanua mboni.