Griyaje tatu za kizimba cha kinyonga: gani inafaa hapa Goma?

Bandugu na badada, karibuni sana. Leo niko na vipande vitatu vya griyaje, ni kusema wavu ya kuzungushia kizimba, hapa mbele yenu, zote munazipata mu bakinkayeri, yale maduka ya vyuma, ya Birere hapa Goma, juu bengi banaoniandikia banauliza mbao gani, rangi gani, kizimba kiwe kikubwa namna gani, na griyaje hakuna anayeuliza, wakati griyaje njo inamulinda kinyonga ao inamuua.

Ile mambo ya kumuweka ndani ya vioo, muache. Kinyonga anahitaji miale ya jua ya UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D3, bila D3 kalisiamu ya chakula haifike ku mifupa na miguu inaanza kupinda. Kioo inazuia hiyo miale hata kama munaona mwangaza inapita muzuri, na tena kioo ikipigwa na jua inamupika munyama mule ndani.

Haya, ya kwanza, mustikeri ya nailoni, ile wavu ya kuzuia mbu. Bei chini, laini, nyepesi. Angalieni, navuta na vidole tu... munaona? Imeshapasuka. Panya anaitoboa usiku mumoja, na kucha za kinyonga zinanasa mu vile vitundu vidogo, akivuta kwa nguvu kucha inang'oka. Hii hapana kabisa.

Ya pili, ile ya kuku, ya vitundu vya pembe sita. Paka hawezi kuipasua, sawa, lakini kidole changu chote kinapita, kwa hiyo panya anaingia, nyoka mudogo anaingia, na kinyonga mutoto anajitokea mwenyewe. Na kutu! Munajua mabati yetu inavyolika juu ya moshi ya volkano Nyiragongo yenye kushuka na mvua, sasa kinyonga anakunywa kwa kulamba matone, hata yale ya ku waya yenye kutu.

Ya tatu njo yangu: waya yenye kuchomelewa na kufunikwa na plastiki, vitundu vya santimita 1,27. Ngumu, muguu ya kinyonga inaishika bila kuumia, upepo inapita. Ubaya wake iko, bei inauma kweli, na fasi umeikata chuma inabaki wazi, inachoma na inashika kutu, kwa hiyo kunja zile ncha kwa inje halafu ufunike na kipande cha mbao. Panzi wadogo nao banatoroka, mimi naweka chakula mu bakuli ya plastiki yenye kuta ndefu za kuteleza. Na jioni mutoe wadudu wenye kubaki, juu nyenje anaweza kumuuma kinyonga akilala.

Kwa kinyonga mukubwa, sentimita 60 kwa 60, kwenda juu meta 1 na 20, itatosha. Yeye anapenda kupanda, urefu wa juu njo wa maana. Nusu ya kizimba lazima iwe na kivuli saa yote, weka hibiskasi mu chungu, nyunyizia majani maji asubuhi na jioni. Ukimuona amepauka na mudomo wazi, joto imemuzidi, mutoe pale mbio. Hawa wa milima yetu, kama Trioceros johnstoni mwenye pembe tatu, banapenda baridi, jua ya saa sita bila kivuli inabamaliza.

Halafu siafu. Miguu ya kizimba iingie mu makopo yenye mafuta ya moteri ya zamani, na hakuna tawi ya muti ya inje ikiguse kizimba, hata jani moja, juu pale njo batapita, na siafu bakifika kinyonga hawezi kukimbia. Hii naisema kwa nguvu juu watu banatumia pesa yote kwa griyaje halafu banaacha tawi.

Mulango ufungwe na kadena. Majirani bengi banamuogopa kinyonga, batoto banaweza kumupiga mawe, ukibaelezea taratibu bengine banakuja kumuangalia akikula.

Kinyonga mumoja, kizimba kimoja, hata kama ni dume na jike. Na kumukamata mu Virunga ao Kahuzi-Biega, hapana, kule ni mbuga ya kulindwa.

Mukienda Birere pimeni kwanza kuta zote ine, juu na chini, ndipo mukatiwe kipande kimoja kirefu, vipande vingi vinaleta ncha mingi za kufunika.