Uzoefu wangu na riili za Super 8: "Toleo Kamili" la dakika kumi

Niseme mapema tu, hii hobi inakula hela na inakula nafasi, na mke wangu bado hajanisamehe kuhusu kabati la sebuleni. Nina kama mwaka na nusu sasa nakusanya filamu zilizofupishwa za Super 8, zile nyembamba za milimita nane za kuonyeshea nyumbani kwa projekta, hasa za mazimwi na mambo ya angani ambazo zina wafuasi wake mpaka leo. Niko huku Uingereza, Wolverhampton, na jirani tu hapo Dudley ndipo ilipokuwepo Derann, kampuni iliyoendelea kutoa filamu za Super 8 miaka na miaka baada ya wengine kukata tamaa, mpaka ikafunga mwaka 2011. Ndio maana kwenye minada ya huku maboksi yake hayakosekani, na ndiko nilikoangukia huu ugonjwa.

Kwa asiyejua, zamani kabla ya VHS huwezi kuwa na filamu yako nyumbani labda ununue riili, yaani filamu iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, na riili ya filamu nzima ilikuwa bei ya kufa mtu. Kodak wakaleta Super 8 mwaka 1965, basi kampuni zikawa zinachukua filamu ya saa moja na nusu zinaikatakata mpaka ienee kwenye futi 200, hapo ni dakika nane mpaka kumi kama ina sauti, ukienda futi 400 unapata kama ishirini hivi. Watoto wa Marekani walikuwa wanaagiza kwa posta kupitia matangazo ya gazeti la Famous Monsters of Filmland, wanasubiri wiki kadhaa, halafu wanatandika shuka ukutani wanaita majirani.

Riili yangu ya kwanza ilikuwa Creature from the Black Lagoon, ya zimwi la majini, iliyotolewa na kampuni ya Castle Films, nyeusi na nyeupe, bubu, pauni 14. Filamu yenyewe ya mwaka 1954 ina dakika 79. Sasa Castle walikuwa wanatoa matoleo mawili, moja la futi 50 ambalo ni dakika tatu tu linakwisha hata chai haijapoa, na moja la futi 200 ambalo juu ya boksi wameandika kabisa bila aibu "Toleo Kamili". Kamili wapi jamani! Nilicheka peke yangu. Lakini aisee nilipoliwasha nikanyamaza, maana aliyekata hii kitu alijua kazi yake, yale maongezi yote ya wanasayansi kwenye boti kayatupa, sijui nadharia gani, yote nje, kabakiza mto, mkono wenye kucha unatoka majini, yule dada anaogelea juu na lile zimwi linaogelea chini yake linamfuata na yeye hana habari, kisha vurugu, kisha mwisho. Maandishi machache tu ya kukuunganishia stori. Nimeangalia filamu nzima baadaye na kiukweli kuna sehemu nilikuwa nasema moyoni, hapa Castle walifanya vizuri kupiga mkasi.

Ikanikumbusha Bongo, vibanda umiza, tunaangalia mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, anakuelezea stori kwa Kiswahili na vichekesho vyake juu, na mwisho wa siku ulikuwa unaipenda ile ya kwake kuliko ya wenyewe. Hizi riili ni hivyo hivyo, ni filamu ya mtu wa pili.

Sasa nilipopigwa. Nikajifanya mjanja nikanunua Star Wars ya futi 200, ya rangi na sauti, pauni 35, muuzaji ananiambia rangi "nzuri kwa umri wake". Nimeiweka, kila kitu cha pinki! Anga la pinki, roboti la dhahabu limekuwa la pinki, kila mtu kama ameogea juisi ya ukwaju. Hapo ndio nikajifunza kwamba filamu nyingi za rangi za miaka ile rangi yake ya samawati inakufa kwanza halafu unabaki na wekundu, na hakuna dawa, ndio imekwenda hiyo. Nyeusi na nyeupe haina hilo tatizo kwa sababu picha yake ni madini ya fedha, sio rangi ya kemikali, ndio maana Castle yangu ya pauni 14 inang'aa na ya 35 ni pinki. Ukitaka za rangi tafuta zilizochapwa kuanzia miaka ya 80 mwanzoni kuja huku, filamu yake iliboreshwa, au mwambie muuzaji akupigie picha ya ukutani kabisa, sio ya boksi, boksi siku zote linapendeza.

Kitu kingine nusa. Ndiyo, nusa. Ukifungua kopo ukakuta harufu ya siki ujue plastiki imeanza kuoza, itapinda na kusinyaa, na ule mvuke wake unaharakisha kuharibu na zingine ukiziweka pamoja. Mimi moja niliyonunua kwa pupa sasa inaishi peke yake garaji kama mgonjwa wa surua.

Projekta nilipata ya mitumba pauni 80, mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, nikauosha kwa spiriti jioni nzima, mkanda mpya pauni 6. Usiweke filamu nzuri kabla hujajaribu na filamu mbovu maana ikitafuna matundu ya pembeni hairudi.

Castle nyeusi na nyeupe nawapa nyota tano. Za rangi za zamani nyota mbili, na hizo mbili ni za boksi. Wanangu wao wala hawajali hayo, wanachotaka nibonyeze kitufe cha kurudisha nyuma, zimwi linaogelea kinyumenyume linarudi ziwani linatokomea, wanaanguka chini kwa kicheko, "baba tena!"