TAHADHARI: Lori la mbolea ya ruzuku nje ya bohari, Trans Nzoia, Kenya

Wakulima wenzangu, naandika haya mikono ikitetemeka. Shilingi 30,000 zimeenda. Mama watoto bado hajui, na akisoma hapa kabla sijafika nyumbani, nimekwisha.

Najua mtasema, mzee mzima anaibiwaje mchana kweupe? Ngojeni. Nilikuwa foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, siku ya pili hiyo. Trekta, mikokoteni ya punda, bodaboda, kina mama wamejilaza juu ya magunia matupu. Ujumbe wa vocha, yaani kibali cha kununua mbolea ya ruzuku, ulikuwa kwa simu yangu, magunia 12, kila gunia 2,500. Bei ya dukani mnaijua, iko juu. Wingu limeshuka upande wa Mlima Elgon, na shamba nimeshapiga haro, limebaki kupandwa tu.

Saa nne hivi akaja kijana, jaketi la kung'aa, beji shingoni, tableti mkononi. Hakuniuliza jina. Aliniita majina yangu yote matatu jinsi yalivyo kwa kitambulisho, akataja na ekari zangu. Wewe ungemdhania nani? "Mzee wangu," akasema, "mtambo umegoma huko ndani, foleni haisongi leo. Wenye vocha ya magunia kumi kwenda juu tunawahudumia kwa lori." Kisha akashusha sauti: "Usitangaze lakini, watu watatukanyaga." Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Mjanja!

Lori lilikuwa mbele kidogo, magunia yamepangwa vizuri, maandishi ya ruzuku yapo. Na mimi sikulipa kiholela, tafadhali. Mwaka 2024 si watu waliuziwa vumbi la mawe ndani ya magunia ya ruzuku? Nilimcheka jirani yangu hadi akaninunia. Kwa hivyo nikamwambia fungua. Akatoa kisu, akapasua kona, punje zikamwagika kiganjani. Nikasugua, nikanusa. DAP yenyewe, mbolea ya kupandia. Naapa gunia hilo ndilo pekee lililokuwa na mbolea.

Akanipa nambari ya till, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa. Nikaandika 30,000, na jina likatokea kwa simu: kinyozi. Kinyozi, jamani! Nililiona kwa macho yangu. Nikamtazama, akasema ni ya muda tu kwa sababu ya mtambo. Nikaweka PIN.

"Simama hapo, lori linageuka." Likageuka kweli. Likashika lami, na yeye yumo ndani. Punje zile bado ziko mfukoni mwa koti langu.

Ujumbe wa M-Pesa niliutuma 456, nambari ya Safaricom ya kuomba malipo yarudishwe, papo hapo, nikajibiwa pesa imeshatolewa. Polisi wamenipa nambari ya OB, kitabu chao cha matukio.

Sasa majina yangu aliyatoa wapi? Alfajiri kulikuwa na mvulana akipita na daftari, anaandika "orodha ya foleni": jina, nambari ya kitambulisho, ekari, magunia. Tulimpa sote, hata mwalimu mstaafu aliyekuwa mbele yangu. Usimpe mtu hizo habari. Mbolea ya ruzuku huchukuliwa bohari au kituo rasmi, si kwa lori la mtu barabarani. Usajili wa wakulima nao ni bure, maana nasikia wengine wanatozwa "ada". Na hilo jina la till, soma. Namba ya lori ilianza na KC, nyingine sikushika.

Hawa wakipatikana wasipelekwe korti watozwe faini watoke wakitabasamu. Waletwe kwangu. Ekari 12 walime kwa jembe, wapalilie, wavune, wapukuchue kwa mikono hadi ngozi itoke, halafu wabebe magunia kwa mgongo mpaka barabarani, ndipo jela iwachukue. Huyo wa daftari aanze.

Kama ulikuwa foleni ile Jumanne na ulilipa kwa lori hilo, usione haya, njoo tuandikishe pamoja. Niko hapa kituo cha polisi hadi jioni.