Al-Ahram: uzoefu wangu na gazeti la serikali ya Misri

Nilianza kusoma Al-Ahram kwa ajili ya kunoa Kiarabu, si kwa ajili ya habari. Kwa kazi hiyo nalipa alama zote. Lugha yake ni fasaha, na lahaja ya mtaani inayomkwamisha mgeni huikuti kwa wingi. Kwa upande wa habari, ngoja kwanza.

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wamechora mapiramidi, lakini waanzilishi wake hawakuwa Wamisri. Walikuwa Wakristo wa Lebanon, ndugu wawili, Salim na Bishara Takla, na toleo la kwanza lilitoka Alexandria tarehe 5 Agosti 1876. Lilianza kama gazeti la wiki, mwaka 1881 likawa la kila siku, na kabla ya karne kuisha likahamia Cairo. Enzi hizo lilielemea Ufaransa, na hasimu wake, gazeti la Al-Muqattam, likawatetea Waingereza. Kwa hiyo anayetafuta zama ambazo Al-Ahram halikuwa na upande, atatafuta sana.

Zama zinazonivutia zaidi ni za Mohamed Hassanein Heikal, mhariri kuanzia 1957 hadi 1974. Alikuwa mtu wa karibu wa Nasser, rais wa Misri wa wakati huo, na makala yake ya kila Ijumaa ilisomwa na mabalozi kama barua iliyotoka mezani kwa rais. Mwaka 1960 Nasser akayataifisha magazeti. (Watanzania hatuna la kushangaa hapo; The Standard la Dar es Salaam nalo lilitaifishwa 1970.) Hata hivyo, chini ya mkono huohuo wa serikali Heikal aliwakusanya vigogo wa fasihi, akina Tawfiq al-Hakim na Naguib Mahfouz. Mwaka 1959 riwaya ya Mahfouz ilikuwa ikitoka gazetini kwa mfululizo, masheikh wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, wakaja juu, na Heikal akaichapa mpaka sura ya mwisho. Kama kitabu, riwaya hiyo haikuchapishwa Misri mpaka 2006. Heikal mwenyewe aliondolewa na Sadat, rais aliyemfuata Nasser, baada ya kupinga njia aliyoishika rais huyo kufuatia vita vya 1973. Ndiyo hali ya gazeti la aina hii: mhariri ana nguvu mradi anaelewana na mkubwa.

Aibu yake kubwa ni ya Septemba 2010. Katika picha halisi ya Ikulu ya Marekani, Obama yuko mbele na Mubarak, rais wa Misri wakati huo, anafuata nyuma, pembeni. Al-Ahram likaichapa Mubarak akiwa ndiye anayewaongoza wenzake wote. Walipobanwa, mhariri mkuu akaitetea kwamba ni picha ya kueleza maana! Miezi michache baadaye, maandamano ya 25 Januari 2011 yalipoanza, kichwa kikubwa cha kesho yake kilihusu vurugu za Lebanon. Mubarak akang'oka, na tarehe 12 Februari gazeti lilelile likatoka na maandishi makubwa: wananchi wameuangusha utawala. Nasaha yangu ni kwamba ukurasa wa kwanza usomeni ili mjue serikali inataka nini kijulikane, na lile lililonyamaziwa likatafuteni kwingine.

Mimi nikilifungua naanzia matangazo ya vifo. Msicheke. Wamisri wenyewe hutania kwamba asiyetangazwa na Al-Ahram bado hajafa. Tangazo moja linaweza kujaa ukoo mzima: marehemu ni baba wa mhandisi fulani, kaka wa jenerali mstaafu, mjomba wa daktari wa hospitali fulani, shemeji wa jaji, na kila mmoja ametajwa kwa cheo chake. Ukisoma hivyo kwa muda unaanza kuona nani kaoa kwa nani, na vyeo vinavyozunguka ndani ya familia zilezile. Makala ya siasa haijawahi kunifundisha Misri kwa kiasi hicho.

Nalipa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka kuanza achukue toleo la Ijumaa, lenye kurasa za fasihi na utamaduni, awe na kamusi karibu. Anayetaka upinzani asipoteze nauli.