Leucospermum bustanini: uzoefu wangu na kichaka kisichotaka kubembelezwa

Nina Leucospermum cordifolium bustanini kwa misimu kadhaa sasa. Karibu kila anayeliona ua lake huuliza atapata wapi mche, na akisikia kwamba unavumilia ukame anadhani kazi imekwisha. Ndiyo maana naandika.

Kwao ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, kwenye fynbos, yaani uoto wa asili wa vichaka vya huko. Udongo wa huko ni wa kichanga, wenye asidi na rutuba haba, na kiangazi ni kikavu. Mmea umezoea njaa. Mizizi yake huota vishungi vya vijizizi vyembamba karibu na uso wa ardhi, vinavyokamua fosforasi kidogo iliyopo. Sasa mwagia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, au samadi ya kuku uone: vijizizi vile vitafyonza kupita kiasi, majani yatakuwa ya manjano na kuungua ncha, na kichaka kinaweza kufa kabisa. Wangu sijawahi kuutia mbolea. Nautandazia magome ya miti tu, mbali kidogo na shina, na jembe halisogei hapo.

Kitalu nilikonunua kilibandika kwenye chungu kwamba hauhitaji maji. Huo ni uongo wa biashara. Mche mchanga unahitaji maji ya kutosha hadi mizizi izame, na hilo huchukua mwaka mmoja au miwili. Mimi humwagilia asubuhi, shinani, bila kulowesha majani. Baada ya hapo ndipo ukame unakuwa si neno.

Kinachouua upesi ni maji kutuama. Kimelea cha Phytophthora huozesha mizizi, kichaka kinanyauka huku udongo ukiwa mbichi, na mwenye bustani, kwa huruma zake, anaongeza ndoo nyingine. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, inua tuta lenye mchanga na kokoto au panda kwenye chungu chenye matundu ya kutosha. Jua liwe la kutwa nzima, na upepo upite.

Ua lenyewe ndilo linalonifanya nisamehe masharti yote haya. Kwa mbali ni kimto kilichochomekwa pini za rangi ya chungwa. Ukisogea unaona ni maua madogo mengi, kila moja na kijiti kirefu kilichonaswa ncha na kupinda upinde. Wakati wake ukifika kinafyatuka, kinasimama wima na chavua nchani. Ndege chozi akija kunyonya mbochi anaondoka na unga wa manjano kwenye paji la uso. Yaliyokatwa hukaa zaidi ya wiki mbili kwenye maji bila kunyauka, jambo ambalo waridi langu haliwezi.

Maua yakiisha napogoa, lakini kila tawi nalibakizia majani. Ukikata hadi kwenye sehemu kavu isiyo na jani, tawi hilo halichipui tena.

Alama nakipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu kichaka hiki hakina umri mrefu. Kikikaribia miaka 10 mara nyingi huanza kuchoka katikati na kubaki miti mitupu. Anza kuotesha vipandikizi kabla hakijafika huko, kwa matawi yaliyokomaa nusu, kwenye mchanga mtupu.