Riwaya ya de Camp niliyouziwa imenyofolewa kurasa

Kitabu chenyewe nakipenda, niseme hilo kabla hasira hazijapanda. L. Sprague de Camp wengi wanamjua kwa hadithi za kisayansi, lakini kati ya 1958 na 1969 alitoa riwaya tano za ulimwengu wa kale. Mwenyewe alisomea uhandisi, na inaonekana: mitambo ya vita na sanamu kubwa ya shaba ya kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki anaijua ilivyoundwa. Mimi niliitafuta sana The Golden Wind, inayomhusu Eudoxus wa Cyzicus, Mgiriki aliyevuka kutoka Misri hadi India kwa pepo za msimu, hizi hizi kaskazi na kusi zetu.

Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa kale, anasimulia kwamba Eudoxus akirudi safari ya pili upepo ulimsukuma hadi pwani ya Afrika, kusini ya Misri mbali. Akawapa wenyeji mkate, divai na tini kavu, wakampa maji na viongozi wa njia, naye akaandika baadhi ya maneno yao. Karne ya 2 KK! Nilitaka kuona de Camp amelijengaje hilo.

Muuzaji alitangaza "kizima kabisa". Jalada safi kweli. Nikasoma, safari ya pili ikaanza kunoga, mara sentensi ikakatika katikati. Nikapanua mgongo: vipande vya karatasi vimeng'ang'ania uzi, kingo zake nyeupe wakati kitabu chote kimeshakuwa manjano. Zimenyofolewa juzijuzi tu.

Nikampigia. "Samahani kaka, kuna kurasa hazipo."

"Dada, kitabu cha 1969, ulitaka kiweje?"

Nikamweleza ni sehemu gani. Akacheka. "Si riwaya tu? Ruka, endelea mbele." Akakata simu.

Ruka! Muuza vitabu anamwambia msomaji aruke! Tena pale pale hadithi inapokaribia kwetu!

Nilipanga kutoa nyota tatu, maana bei ilikuwa nzuri na mzigo ulifika siku ileile. Sasa naona hata mbili nyingi. Moja. Hela amekubali kurudisha baada ya kusumbuana, nisimsingizie, ila kitabu kirudi. Hakirudi. Akikipata atakitangaza tena "kizima" amuuzie mwingine.

Na bado mkiiona popote, hata kwake, inunueni. Ila hesabuni kurasa boda akiwa bado mlangoni.