CallByName ya VBA: nimeitumia vya kutosha, haya ndiyo maoni yangu

Kama unaandika makro za Excel na hujawahi kuigusa CallByName, funksheni ya VBA (lugha ya kuandikia makro hizo) inayofikia sifa au kitendo cha objekti kwa jina lililo kwenye maandishi, nakusihi uijaribu. Mimi hutengeneza mafaili ya ripoti ambayo watu wengine ndio wanaoyafungua na kuyatumia, na kwa kazi hiyo sijaona funksheni nyingine ndani ya VBA inayopunguza msimbo kiasi hiki. Ina upungufu pia, na mmoja unaniudhi sana. Nitaufikia.

Kwa kawaida ukiandika Range("A1").Font.Size = 14, neno Size limo ndani ya msimbo moja kwa moja. Huwezi kulitia kwenye kigezo ukasema: chukua sifa iliyotajwa kwenye seli hii, uipe thamani iliyo kwenye seli ile. Wengi hukimbilia Evaluate, lakini Evaluate inaelewa fomula na majina ya Excel, haielewi msimbo wa VBA. Wengine huandika Select Case ndefu: ikiwa ni Size fanya hivi, ikiwa ni Bold fanya vile, na kila sifa mpya inadai mistari yake. CallByName imekuwamo tangu Office 2000, na mstari mmoja unatosha:

CallByName Range("A1").Font, "Size", VbLet, 14

Unaipa objekti (kitu cha Excel kama seli, fonti au shiti), jina la sifa kama maandishi, aina ya mwito, kisha thamani. Aina ni nne: VbMethod ya kuendesha kitendo, VbGet ya kusoma sifa, VbLet ya kuiwekea thamani, na VbSet, kwa namba 1, 2, 4 na 8. VbSet ni ya pale ambapo thamani unayoiweka nayo ni objekti. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti.

Ninakoipenda hasa ni mwanzoni na mwishoni mwa makro nzito. Sote tunazima ScreenUpdating (kuchora skrini), EnableEvents (matukio), DisplayAlerts (maonyo) na Calculation (hesabu za kujiendesha) ili kazi iende haraka, halafu tunarudisha. Lakini makro nyingi ninazoletewa kurekebisha hurudisha kila kitu kuwa True, na Calculation kuwa xlCalculationAutomatic, bila kuuliza hali ilikuwaje kabla. Mtu ana faili zito, amechagua hesabu zisubiri hadi abonyeze F9, makro yako inapita na kumbadilishia bila hodi. Huko ni kumkosea heshima mwenye kompyuta. Kwa CallByName naweka majina hayo kwenye orodha na kuyasoma kwa lupu:

majina = Split("ScreenUpdating,EnableEvents,DisplayAlerts,Calculation", ",")
For i = 0 To UBound(majina)
    zamani(i) = CallByName(Application, majina(i), VbGet)
Next i

Mwishoni lupu kama hiyo inarudisha kila thamani kwa VbLet. Nikitaka kulinda sifa nyingine, naongeza neno moja tu kwenye orodha.

Matumizi yangu ya pili ni jedwali la mwonekano. Shiti moja ina safu tatu: anwani ya seli, jina la sifa, thamani. Asiyejua kuandika makro anabadilisha rangi au ukubwa wa vichwa kwa kuandika kwenye seli, na hanihitaji mimi. Hapo ndipo utakutana na kizingiti cha kwanza: funksheni hii haivuki nukta. Ukiipa Range na jina "Font.Size", unapata kosa namba 438, kwa sababu Range haina sifa yenye jina hilo, ina Font, na Font ndiyo yenye Size. Dawa ni kulikata jina kwa Split penye nukta, halafu kushuka hatua kwa hatua:

For i = 0 To UBound(sehemu) - 1
    Set kitu = CallByName(kitu, sehemu(i), VbGet)
Next i
CallByName kitu, sehemu(UBound(sehemu)), VbLet, thamani

Mistari hiyo inakubali Interior.Color, Borders.Weight na nyingine za namna hiyo. Usisahau Set ndani ya lupu, maana kinachorudi pale ni objekti.

Kizingiti cha pili kiko kwenye thamani. Mtu akiandika xlCenter (jina la VBA la kuweka maandishi katikati) kwenye seli, Excel inaona maandishi tu. Majina ya xl yanafahamika wakati wa kukompaili, hayafahamiki makro inapokimbia, kwa hiyo kinachotakiwa pale ni -4108. Mimi naweka shiti iliyofichwa yenye majina hayo na namba zake. Na unaposoma, pokea jibu kwenye Variant, yaani kigezo kinachokubali thamani ya aina yoyote: ukiuliza Bold ya eneo ambalo baadhi ya seli zimekolezwa na nyingine hazijakolezwa, linarudi Null (hakuna jibu moja), na Null ikiingia kwenye kigezo cha Boolean, kinachokubali True au False tu, makro inasimama kwa kosa 94.

Kasi si tatizo kubwa ukiitumia kwa akili. Jina hutafutwa wakati makro inakimbia, hivyo usiizungushe kwenye seli elfu, moja baada ya nyingine. Ipe Range nzima mara moja. Kwa taratibu zilizo kwenye moduli ya kawaida tumia Application.Run, kwa kuwa CallByName inahitaji objekti. Ndani ya klasi zako (aina za objekti unazojitungia) nako inafikia vilivyotangazwa Public pekee.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna njia ya kuiuliza objekti kabla: je, unayo sifa hii? Jina lililokosewa herufi linapita kwenye Compile bila neno, na kosa linatokea mbele ya mtumiaji. Kilichobaki ni kujaribu chini ya On Error, agizo la kushughulikia makosa, na kuangalia kama 438 imetokea. Wenzetu wa LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali kama Excel, walifikiriwa vizuri zaidi: seli ina getPropertyValue na setPropertyValue, na kupitia PropertySetInfo unaita hasPropertyByName ukipewa ndiyo au hapana, iwe ni CharHeight (ukubwa wa herufi) au CellBackColor (rangi ya seli). Unaweza hata kuomba orodha nzima ya sifa. VBA ingekuwa na hilo, jedwali langu la mwonekano lingeweza kumwonyesha mtumiaji seli yenye jina bovu palepale anapoliandika.